Ukiona Vyaelea: Kasha la Santuri na Madaftari Yaliyoteketea

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii huifundisha kila mwalimu wa Kiswahili, naye aghalabu huieleza kwa mfano wa jahazi. Msafiri huliona likikata mawimbi, asiione miezi ambayo fundi alikaa ufukweni akichonga, akipima, akikosea na kuanza upya. Hata hivyo, nina shaka kwamba sisi walimu huifundisha methali hiyo ubaoni, kisha tukaisahau pindi tunaposhika kalamu nyekundu. Tunachokitaka ni jahazi. Vibanzi na vumbi la randa tunavifagia na kuvitupa. Leo nakusudia kuzungumza juu ya watu walioviokota vibanzi vyao, wakavitia katika kasha moja na kuviuza hadharani bila ya kuona haya. Huenda msomaji wa safu hii hajapata kuwasikia, na wala simlaumu.

Mwaka wa 2006 nilikuwa California, nchini Marekani, nikifundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakijifunza ngeli kwa bidii na kuzisahau kwa bidii iyo hiyo. Siku ya mwisho ya masomo, mmoja wao aliniletea zawadi: kasha lenye diski tano za bendi iitwayo Camper Van Beethoven. "Mwalimu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "hawa pia wanachanganya ngeli." Nilicheka, nikashukuru, nikalitia kasha mkobani. Sikujua kwamba kijana yule alikuwa amenipa darasa refu kuliko lile nililompa mimi.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina kama hilo bila ya kusimama. Sehemu yake ya kwanza ni gari la safari, lile ambalo watu hulala na kupika ndani yake. Sehemu ya pili ni Beethoven, mtunzi Mjerumani aliyeishi kati ya 1770 na 1827, ambaye jina lake hutajwa kwa heshima katika kila chuo cha muziki. Vitu viwili visivyojuana vimefungwa nira moja. Ni kana kwamba vijana wa Mombasa wangeunda bendi na kuiita Matatu ya Muyaka. Kasha lenyewe, lililotolewa mwaka wa 2002, linaitwa Cigarettes & Carrot Juice: The Santa Cruz Years, yaani sigara na maji ya karoti. Msomaji ataona kwamba tabia ya kufunga nira ile ile haikuwaacha.

Bendi hii ilianza mwaka wa 1983 katika mji wa Redlands, bara ya kusini mwa California, eneo lililojulikana kwa mashamba ya michungwa. Baadaye iliweka makao Santa Cruz, mji wa pwani ulio kusini mwa San Francisco, wenye tawi la Chuo Kikuu cha California. Wenyewe walikuwa vijana wa rika la wanafunzi. David Lowery, mwimbaji wao, alisomea hesabu. Jonathan Segel alipiga fidla, kinanda na mandolini. Wengine walioijenga bendi ni Victor Krummenacher kwenye gita zito, Greg Lisher na Chris Molla kwenye gita, na Chris Pedersen kwenye ngoma.

Ili tuelewe walichokifanya, hatuna budi kukumbuka hali ya muziki wa vijana katika Marekani ya wakati huo. Muziki wa panki ulikuwa umejitokeza kama uasi dhidi ya kila kanuni. Lakini kama zifanyavyo harakati nyingi, ulipofika miaka ya 1980 ulikuwa umejiwekea kanuni kali zaidi ya zile ulizozipinga. Wimbo sharti uwe mfupi, wa kasi na wa kelele. Vijana hawa wakapanda jukwaani mbele ya hadhira iliyozoea hayo, wakiwa na fidla. Wakapiga ska, mahadhi yaliyozaliwa Jamaika. Wakapiga tuni zilizonukia Ulaya ya Mashariki, kisha kantri ya Marekani, kisha panki yenyewe, yote katika kikao kimoja. Muziki wao ukaja kuhesabiwa miongoni mwa ule ulioitwa roki mbadala, ambao ulisambazwa sana na vituo vya redio vya vyuo vikuu.

Kasha lina albamu tatu za mwanzo. Ya kwanza, Telephone Free Landslide Victory, ilitoka mwaka wa 1985. Ya pili, ya mwaka wa 1986, iliitwa II & III, kana kwamba mapacha wamezaliwa. Ya tatu, iliyotoka mwaka uo huo, ikapewa jina la bendi tu, kwa kuwa nambari tatu ilikuwa imekwisha kutumiwa. Diski ya nne, Camper Vantiquities, ni mkusanyiko wa vipande vilivyokuwa vimetawanyika au kuachwa nje ya albamu. Ya tano imerekodiwa mbele ya hadhira, nayo imepewa jina lenye kejeli, Greatest Hits Played Faster, maana yake nyimbo mashuhuri zilizopigwa kwa kasi zaidi. Ni bendi ambayo wakati huo haikuwa na nyimbo mashuhuri za kujaza hata upande mmoja wa kanda.

Niruhusu, msomaji mpendwa, nitoe mifano miwili ya kile nilichojifunza humo kama mtu wa lugha.

Mfano wa kwanza ni wimbo uitwao "Wasted", uliomo katika albamu ya kwanza. Haukuwa wimbo wao. Ulikuwa wa Black Flag, bendi ya panki ya California hiyo hiyo, ambao katika rekodi yao ya mwaka wa 1979 haukufika hata dakika moja. Ni kijana anayesimulia jinsi alivyokuwa mlevi na mpotevu, na kwa Black Flag maneno hayo hutoka kama mawe yanayorushwa dirishani. Camper Van Beethoven hawakubadilisha kisa, waliubadilisha mwendo. Wakaupunguza kasi na kuuimba kwa madaha ya kantri. Ghafla kijana yule mwenye hasira akawa mzee aliyeketi barazani akikumbuka ujinga wa ujanani. Huwaeleza wanafunzi wangu wa semantiki kwamba maana haikai katika msamiati peke yake. Hukaa pia katika kiimbo, kasi na lahaja ya msemaji. Naweza kuwatolea nadharia ya saa mbili kuhusu jambo hilo, au naweza kuwachezea nyimbo hizo mbili zikifuatana, na huwa sihitaji kusema mengi baada ya hapo.

Mfano wa pili ni wimbo wao uliojulikana kuliko yote ya miaka hiyo, "Take the Skinheads Bowling". Wanaotajwa katika jina ni vijana wa vipara, kundi ambalo baadhi yake lilijulikana kwa ubaguzi wa rangi na kwa fujo katika maonyesho ya muziki. Wimbo unapendekeza wapelekwe kucheza ule mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha vigingi. Lowery amewahi kueleza kwamba walikusudia wimbo usiwe na maana, kila mstari ukikataa kuuongoza msikilizaji kwenye mstari unaofuata. Sasa tazama yaliyotokea. Mwaka wa 2002, mwaka ule ule wa kasha, Michael Moore alitoa filamu yake Bowling for Columbine, iliyohusu bunduki katika maisha ya Wamarekani, na iliyochukua jina lake kutokana na mauaji ya mwaka wa 1999 katika shule ya Columbine. Wimbo huo umo katika filamu, ukiimbwa na bendi ya Teenage Fanclub kutoka Uskochi. Maneno yaliyotungwa yasiwe na maana yakawekwa jirani na misiba, yakapata maana ya kuogofya. Sisi wanaisimu tunaiita hiyo maana ya muktadha. Bibi yangu angesema tu kwamba neno hufanana na nyumba lilikolala.

Lakini yupo msomaji makini ambaye ameanza kukunja uso. Ataniuliza: Je, vijana hao walipata lini kufika huko Ulaya ya Mashariki? Ni swali la haki. Albamu ya kwanza ina vipande vingi visivyo na maneno, na baadhi ya majina yake yanataja balalaika ya Warusi, mji wa Vladivostok, na hata Mao akiukumbuka ujana wake kusini mwa China. Hiyo si Urusi wala China. Ni Urusi na China za kijana wa California aliyekua katika zama za Vita Baridi na kuzisikia nchi hizo kwa mbali. Ni lafudhi ya kubuni. Zipo nyakati, nikiri, ambapo lafudhi hiyo hunikera, kama inikeravyo ninapomsikia mtu akiigiza Kiswahili cha kabila fulani ili achekeshe.

Hata hivyo, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa waangalifu kabla ya kuhukumu. Juma Bhalo, gwiji wa taarab wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 2014, alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na hapana mtu mwenye akili anayesema kwamba matokeo yake hayakuwa Kiswahili. Fidla yenyewe haikuzaliwa Lamu wala Unguja, lakini nani leo ataitoa katika taarab akabaki na taarab ile ile? Tofauti kati ya mwigaji na mtunzi haipatikani kwa kuuliza kitu kimetoka wapi. Hupatikana kwa kuuliza kimefanyiwa nini baada ya kufika. Nikilisikiliza kasha kwa kipimo hicho, naona kwamba katika diski ya kwanza vijana wanaazima; kufikia ya tatu, walichokiazima kimekuwa chao.

Sasa nafika katika jambo lililonisukuma kuandika, nalo si la California.

Mwaka wa 2011, nikiwa mhadhiri kijana mwenye shahada mpya ya uzamifu na majivuno yake, binti mmoja wa mwaka wa pili alibisha mlangoni pangu akiwa na madaftari matatu. Alikuwa ameandika humo kwa muda wa miaka minne, tangu alipokuwa sekondari. Nilikaa nayo kwa juma moja. Yalikuwa na mashairi yenye vina na mizani kamili yaliyokatika ghafla yakawa Sheng ya mtaani kwao. Yalikuwa na methali za Kikamba zilizofasiriwa neno kwa neno hadi Kiswahili kikakunja shingo. Yalikuwa na mazungumzo ya manamba wa matatu yaliyopangwa kwa mtindo wa utenzi. Baadhi yalikuwa mabaya, baadhi yalikuwa ya kitoto, na machache yalinifanya niinuke kitini.

Alipokuja kuyachukua, sikumwambia juu ya yale machache. Nilimwambia: "Chagua kwanza wewe ni nani, ndipo uandike." Nilidhani nimesema neno la hekima. Aliitika, "Ndiyo, Mwalimu," akayachukua madaftari yake, akaondoka. Hakuniletea kingine.

Tulikutana tena mwaka wa 2019 katika semina ya walimu. Alikuwa amekuwa mwalimu wa Kiswahili, mwenye haiba na heshima. Nilimuuliza kuhusu madaftari yale. Alicheka. "Aa, yale, Mwalimu? Yalikuwa ya kitoto. Mama aliyawashia moto jikoni, nami sikumkataza." Kisha akaongeza, kwa shukrani ya dhati ambayo ilinichoma zaidi ya lawama: "Nilichagua, kama ulivyonishauri. Sasa nafundisha sarufi. Na wanafunzi wangu wakiniletea maandishi ya kuchanganya-changanya, huwaambia maneno yale yale uliyoniambia."

Msomaji ataelewa kwa nini sikulala vyema usiku huo. Neno nililolitupa kwa dakika moja lilikuwa limesafiri miaka minane, likazaa, likapata wajukuu katika darasa nisilolijua. Na jambo linaloniaibisha zaidi ni hili: siku ile nilipomwambia achague, kasha la Camper Van Beethoven lilikuwa rafuni nyumbani kwangu. Nilikuwa nikiwasikiliza vijana wale wa Santa Cruz jioni za Jumamosi nikisahihisha insha. Niliwastahi kwa kukataa kuchagua, huku kwa mkono wa pili nikiwakata alama watoto wetu kwa kosa lilo hilo. Walichoruhusiwa wageni kukifanya kwa fidla, binti yetu hakuruhusiwa kukifanya kwa kalamu.

Hebu tufikirie yale ambayo yangetokea kama kuna mtu angewaambia vijana wale wachague. Bendi ilitia mkataba na kampuni kubwa ya Virgin mwaka wa 1987, ikatoa albamu mbili zilizopigwa randa vyema zaidi, moja mwaka wa 1988 na nyingine mwaka wa 1989. Katika hiyo ya pili, toleo lao la wimbo "Pictures of Matchstick Men" wa bendi ya Status Quo lilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya roki mbadala ya jarida la Billboard. Na ni ala gani inayoubeba wimbo huo hadi leo? Ni fidla. Ile ile iliyoonekana kioja mbele ya hadhira ya panki. Jahazi lililoelea liliundwa kwa mbao ambazo mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeziita taka.

Bendi ilivunjika mwaka wa 1990 ikiwa ziarani Ulaya, Lowery akaunda nyingine iitwayo Cracker. Miaka karibu kumi baadaye wenyewe walianza kupatana tena, na mwaka wa 2002 kasha likatoka. Wangeweza kuchagua nyimbo kumi na mbili nzuri za miaka ile na kuziacha nyingine zisahaulike. Badala yake walitia zote, pamoja na zile walizoziacha nje hapo awali. Nakiri kwamba zimo ambazo huziruka kila mara. Lakini kwa kuwa zimo, naweza kumwonyesha mwanafunzi mahali ambapo wimbo mzuri ulianza kama wimbo mbaya. Mkusanyiko wa nyimbo bora peke yake haungenipa nafasi hiyo, kwa sababu humwonyesha jahazi na kumficha ufuo.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo walimu wenzangu watakaosema kwamba mtihani wa kitaifa haumpi mtahiniwa alama kwa Sheng, na kwamba mwanafunzi asiyekijua Kiswahili sanifu hana anachokichanganya ila ujinga na ujinga. Nakubaliana nao katika yote mawili. Mchanganyiko si fadhila kwa kuwa ni mchanganyiko. Vijana wale wa Santa Cruz walizijua ala zao, na binti yule alizijua mizani na vina. Ndiyo sababu alipovivunja, mtu alisikia vikivunjika. Sisemi kwamba insha ya mtihani igeuzwe kuwa pilau. Nasema kwamba kosa langu lilikuwa kuupeleka mtihani mahali ambapo haukualikwa. Madaftari yale hayakuwa insha, na mwenyewe hakuniomba alama. Aliniomba macho.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti ya wizara. Kila mwanafunzi awe na daftari moja lisilosahihishwa. Mwalimu alisome akialikwa, asilitie wino. Tarehe iandikwe juu ya kila ukurasa. Na mwaka unapokwisha, daftari hilo lisiuzwe kwa mwenye kibanda cha kufungia karanga.

Muhula huu nimeanza kufanya hivyo katika darasa langu. Juma la kwanza, kijana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, na kama tuliyoyaandika ni mabaya kwelikweli?" Nilimwambia ayaweke hivyo hivyo, na tarehe yake. Hakuonekana kuridhika, na sikumlaumu, kwa maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka mingi na kasha la wageni kulikubali jibu hilo. Nimemwandikia pia yule mwalimu wa sarufi, nikamweleza haya niliyoyaeleza hapa, na nikamwomba asiwaambie tena wanafunzi wake neno nililomwambia. Madaftari yake matatu hayawezi kurudi, na sina mtu wa kumtupia lawama. Mama yake aliwasha moto tu. Kiberiti kilitoka ofisini kwangu.